Watu sita, hakuna friji, usafiri umesimamishwa: akiba ya wiki mbili ni kilo ngapi?

Binti_Walukuba aliuliza:

Salaam wana jukwaa. Naomba hesabu, vitisho tunavyo tayari. Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa hapa Uganda, watu waligombania chumvi na unga madukani. Masoko ya chakula hata hayakufungwa. Kilichosimama ni usafiri, na wauzaji wakaambiwa walale humo humo sokoni.

Nyumba ninayoipangia akiba ina watu sita: wakubwa wawili, kijana wa sekondari, watoto watatu wa msingi. Jiko ni sigiri ya makaa, ghala ni kona moja ya chumba. Akiba ya wiki mbili ni kilo ngapi za nini? Kipi huharibika kwanza? Na watoto wakishinda nyumbani, tupike vipi ili makaa yasimeze pesa ya chakula? Tafadhali asije mtu kuniambia "nunua vya kutosha".

---

MzaniSafi alijibu:

Dada, tafuta kwanza kipimo cha mtu mmoja kwa siku moja. Baada ya hapo ni kuzidisha tu.

Wanaopanga misaada ya dharura huhesabu kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, wakubwa na watoto wakichanganywa. Sasa chukua ule mgao wa serikali wa Aprili 2020, Kampala na Wakiso: unga wa mahindi kilo 6 na maharagwe kilo 3 kwa kila mtu, pamoja na chumvi. Gawanya kwa siku 15 upate unga gramu 400 na maharagwe gramu 200 kwa siku. Unga huo unatoa kama kilokalori 1,450, maharagwe kama 670. Jumla ni 2,100 na ushei. Kwa hiyo kwa upande wa shibe mgao ule ulikuwa wa wiki mbili kamili. Kilichokosekana ni mafuta, mboga za majani na makaa ya kupikia. Maharagwe kilo 3 bila makaa ni changarawe.

Nyumba yako sasa. Watu sita kwa siku 14 ni sawa na kulisha mtu mmoja siku 84.

Unga ukiwa ndio chakula kikuu mchana na usiku: 84 mara gramu 400, yaani kilo 33 na nusu. Usinunue zote. Weka kilo 17, na nusu nyingine iwe matoke (ndizi za kupika), muhogo au viazi vitamu vya kununuliwa kila baada ya siku tatu au nne. Gramu 200 za unga zinashibisha sawa na kilo moja hivi ya matoke kabla ya kumenya, kwa sababu maganda yanachukua zaidi ya theluthi ya uzito na kinachobaki kimejaa maji. Watu sita ni kilo 6 kwa siku. Mkungu wa kilo 25 ukitoa bua lake haufikishi siku nne, kwa hiyo usidanganyike na ukubwa wake mlangoni.

Maharagwe, kwa kuwa kuna mukene (dagaa) kidogo, gramu 100 zinatosha: kilo 8 na nusu. Mukene mkavu gramu 20: kilo moja na gramu 700. Mafuta ya kupikia gramu 25: lita mbili na robo. Chumvi gramu 5 kwa mtu kwa siku: gramu 420. Nusu kilo ya chumvi, wiki mbili, watu sita! Aliyebeba katoni nzima alibeba ya miezi mingi.

Hata hivyo sikatai kwamba chumvi na mafuta viwekwe mapema, ila kwa sababu nyingine. Tazama barabara inayokileta kila kitu. Ngano, mafuta ghafi ya mawese na sehemu kubwa ya chumvi hupitia Mombasa na kuingilia Malaba au Busia. Aprili na Mei 2020 madereva walikuwa wakipimwa mpakani na foleni ya malori ikawa ndefu kweli kweli. Mahindi, maharagwe na matoke ni ya humu humu. Kwa hiyo vya Mombasa viwe na akiba ya mwezi (ni vidogo, havili nafasi), vya shambani viwe na wiki mbili.

Angalia na msimu. Zuio la kutembea (lockdown) la 30 Machi 2020 lilikuja wakati wa kupanda, maghala yakiwa yanaelekea kuisha. La 18 Juni 2021 lilikuja mavuno ya msimu wa kwanza yakianza. Ugonjwa mmoja, soko tofauti kabisa.

Jambo ambalo wengi hawaliweki kwenye hesabu: shule. Zilifungwa 20 Machi 2020 na zote zikafunguliwa 10 Januari 2022. Posho (ugali) na maharagwe ya mchana yaliyolipiwa kwenye karo yakahamia jikoni kwako. Kwenu ni sahani nne za ziada kila mchana. Nyumba nyingi zililalamikia bei ya unga, kumbe hata bei ingebaki pale pale debe lingeisha mapema.

---

Ghala_Mbale alijibu:

Mzani kasema kiasi, mimi nitasema kona ya chumba.

Kwanza, unga si kitu cha kuweka muda mrefu. Punje nzima ya mahindi imefunikwa, mafuta yake yamo ndani ya kiini. Ukisaga, mafuta yanakutana na hewa na unga unaanza kuwa mchungu. Unga wa namba moja umekobolewa, kiini kimetolewa, kwa hiyo unavumilia zaidi. Ule usiokobolewa una lishe zaidi lakini ununue wa kumaliza ndani ya wiki chache. Akionja mtu uji akasikia uchungu nyuma ya ulimi, sukari haitaufuta.

Pili, usiweke gunia sakafuni wala usiliegemeze ukutani. Sementi hutoa unyevu usiku, na gunia linaoza upande wa chini huku juu likionekana zima. Vibao viwili na matofali manne vinatosha.

Tatu, maharagwe. Adui yake hatoki nje, ameshaingia tangu shambani akiwa yai. Ndiyo maana unanunua maharagwe safi na baada ya wiki sita yana matundu ya mviringo. Dawa ya bei rahisi ni kumnyima hewa. Chukua jerikeni la lita 20 lililokuwa la mafuta ya kula (la dawa ya shamba kamwe, hata ukilichemsha). Lioshe kwa maji moto na sabuni, suuza hadi lisiteleze, liache juani mdomo chini siku mbili. Jaza maharagwe makavu huku ukilitikisa na kuligonga chini ili yashuke, jaza hadi mdomoni kabisa. Linabeba kama kilo 15 au 16. Weka kipande cha kavera (mfuko wa plastiki) mdomoni, kaza kifuniko juu yake, kisha usifungue. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanajaza nusu, halafu kila siku wanafungua kuchota kikombe. Nusu iliyobaki ni hewa, na kila ukifungua unawaletea wadudu hewa nyingine. Kilo za wiki hii ziwe kwenye ndoo, jerikeni libaki limefungwa.

Kwa akiba ya wiki mbili tu, jerikeni si lazima. Ni kwa watu wanaoshirikiana gunia la kilo 100, nyumba tatu nne, na kwa kweli ndivyo ninavyoshauri, kwa sababu kununua kwa kikombe kila siku ndiko kunakomaliza maskini. Ila gunia lipimwe mbele ya wote kabla ya kugawanywa. Gunia "la kilo 100" linaloshonwa sokoni linaweza kuwa na kilo 96 au 108.

Karanga: nunua punje, usinunue iliyokwisha kusagwa, maana kwenye unga huoni zilizooza. Chambua zilizosinyaa, zenye rangi ya kijivu au ukungu, zitupe, hata kuku usimpe. Sumukuvu (sumu ya ukungu) haimalizwi na kukaanga.

Mukene: chukua kiganja kimoja, tumbukiza kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika moja. Waliokaushwa mchangani wataacha mchanga chini ya glasi. Mchanga huo umelipia kwa kilo. Wanaokaushwa juu ya vichanja ni ghali kidogo, lakini unalipia samaki.

Matoke: kivulini, yaning'inie au yalale juu ya majani, mbali na ndizi mbivu, papai na maembe. Tunda bivu likiwa karibu huyaharakisha yote.

---

BodaMizigo alijibu:

Kwenye kuagiza kwa simu watu wanaibiwa bila mwizi. Mwaka 2020 boda ziliruhusiwa kubeba mizigo tu, si abiria, kwa hiyo sokoni alienda mtu mwingine kwa niaba yako. Hapo lugha ya soko inageuka.

"Fungu" si kipimo. Fungu la nyanya la saa mbili asubuhi si la saa tisa. Sema kilo. Bidhaa isiyopimwa kwa kilo, kama dodo (mchicha) au nakati (mboga nyingine ya majani), sema idadi ya vifungo na uombe picha kabla ya kulipa. Mkungu wa matoke uliza kilo ngapi, "mkubwa" kila mtu ana wake. Andika cha kubadilishia: "nakati ikikosekana leta dodo, dodo ikikosekana usilete kitu." Bila sentensi hiyo utaletewa kabichi mbili.

Malipo: pesa ya simu ikitolewa inakatwa ada pamoja na kodi ya asilimia 0.5, na muuzaji ataidai kwako kama "ya kutolea". Kubalianeni mapema nani anaibeba. Nauli ya boda ni ile ile kwa kilo 5 na kwa kilo 40, kwa hiyo nyumba tatu za jirani ziagize pamoja, kila moja na mfuko wake umefungwa na kuandikwa jina.

Na ule uchuuzi wa jioni kando ya barabara, toninyira mukange, ambako mboga zilishuka bei giza likikaribia, kafyu ya saa moja usiku iliuua. Usiuweke kwenye bajeti ya wakati wa zuio.

---

MamaLishe_Arua alijibu:

Nyote mmesema vya kununua, sasa sufuria.

Makaa yanaliwa na maharagwe, si na posho. Yasiyolowekwa yanachukua saa mbili hadi tatu, ya zamani hata zaidi, maana haragwe likikaa miezi kwenye joto na unyevu huwa gumu, maji hayaingii. Loweka usiku, kwa muda wa saa nane au zaidi, mwaga maji yale, weka mapya. Muda unashuka hadi saa moja na nusu hivi. Usitie nyanya, ndimu wala ukwaju kabla hayajaiva, kitu chachu kinayafanya yakatae kulainika. Magadi yanalainisha, ndiyo, lakini yanaua vitamini B1, na nyumba inayokula posho ya namba moja mchana na usiku tayari ina B1 kidogo. Kama huna budi, ncha ya kijiko.

Njia bora ni kikapu. Chukua kikapu kikubwa, panga ndani majani makavu ya mgomba au nguo kuukuu hadi ukubwa wa kiganja pande zote na chini, acha shimo la sufuria. Maharagwe yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu nusu saa, kifuniko kikiwa juu. Sufuria iliyojaa, ikiwa bado inatokota, iingize kikapuni haraka, funika kwa mto au blanketi iliyokunjwa, usiguse kwa muda wa saa tatu au nne. Ukitoa, rudisha jikoni yachemke tena dakika kumi kabla ya kuunga. Makosa ni mawili. La kwanza, sufuria nusu: joto halikai. La pili, kuchemsha kidogo tu kisha kukimbilia kikapu: maharagwe, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu inayokufa kwa kuchemka kweli kweli angalau dakika kumi. Joto la vuguvugu haliiondoi, na tumbo litakuambia.

Pika ya siku moja na nusu kwa mara moja, yakiwa matupu, maji na chumvi tu ya mwishoni. Gawa sehemu ya sasa uiunge kwa kitunguu, nyanya na mafuta. Iliyobaki ibaki bila kuungwa, ichemshwe asubuhi na jioni na usiifunue baada ya kuchemka. Yaliyoungwa kwa karanga hayalali bila friji, na wanaosema hulala wana bahati tu.

Sigiri isiingizwe chumbani hata mvua ya Aprili inyeshe vipi. Watu wanapofungiwa ndani hupikia ndani na kufunga dirisha. Hewa ya makaa haina harufu, mtu analala na haamki.

Ratiba: kafyu ikiwa mapema, mlo mzito uwe katogo (matoke yaliyopikwa na mchuzi wake sufuria moja) la saa nne asubuhi, wa pili saa kumi jioni. Watoto wanaoshinda nyumbani huomba chakula kwa kuchoka kuliko kwa njaa. Karanga za kukaanga au kiazi kitamu baridi kwenye sahani yenye mfuniko, kila mmoja fungu lake asubuhi, hupunguza kelele za mlangoni.

Mboga ndizo zinazokosekana kwanza, wala si unga. Dodo ikilala usiku mmoja imenyauka. Kwa hiyo siku ya soko uzipange kwa uhai wake: majani siku ya kwanza na ya pili, nyanya na bilinganya siku ya tatu hadi ya tano, kabichi isiyoondolewa majani ya nje wiki ya kwanza na ya pili, na boga zima lenye kikonyo chake linakungoja hata miezi. Boga la manjano na kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa ndivyo vitakavyowapa watoto vitamini A wakati majani hayapatikani. Kule Teso wana amukeke, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa. Hicho ni chakula cha akiba kuliko mkate wowote wa supamaketi.

---

Mkulima_wa_Gunia alijibu:

Naongeza moja. Dodo kwenye gunia: udongo sehemu mbili, mboji iliyooza sehemu moja, katikati nguzo ya mawe madogo kutoka chini hadi juu ili maji yafike chini. Bila mawe, juu inaoza na chini inakauka. Lakini dodo huanza kuvunwa wiki ya tatu au ya nne tangu kupandwa, na sukuma wiki hukawia zaidi. Anayepanda siku zuio linapotangazwa hatapata kitu kwa wiki hizo za kwanza. Pandeni sasa.

---

Binti_Walukuba aliuliza tena:

Asanteni sana, nimeandika yote. Mawili yamebaki. Mboga za sokoni, kuna waliokuwa wakiziosha kwa sabuni na hata jiki (dawa ya kung'arisha nguo), ni sawa? Na Ghala, mwezi wa sita mahindi mapya yanauzwa rahisi. Kama zuio likiangukia wakati huo, si ndio wakati wa kununua gunia?

---

MamaLishe_Arua alijibu:

Sabuni hapana, jiki ya kufulia hapana kabisa. Sabuni inaingia kwenye majani na kuwaharisha watoto. Maji safi yanayotiririka, jani kwa jani upande wa chini, basi. Korona ilikuwa ikipitia pumzi za watu kwenye foleni. Dodo haikuwa na neno. Osha mikono ukirudi sokoni.

---

Ghala_Mbale alijibu:

Ni wakati wa kununua na ndio wakati wa kuumia. Mahindi ya Juni yanatoka shambani na mvua. Muuzaji ana haraka, mnunuzi ana hofu, na gunia linafungwa likiwa bichi. Baada ya wiki mbili ukiingiza mkono katikati unasikia joto. Hapo ukungu umeshafanya kazi yake, na sumukuvu haionekani wala hainuki kila mara. Kenya ilizuia mahindi yetu Machi 2021 kwa sababu hiyo hiyo.

Pima kabla ya kulipa. Tafuta chupa ya soda ya glasi, kavu kabisa, yenye kifuniko. Chumvi nayo iwe kavu: ianike juani au ipashe moto kwenye sufuria kavu hadi iwe inamwagika kama mchanga, kisha iache ipoe. Chota mahindi kutoka katikati ya gunia, usichukue ya juu, jaza robo ya chupa. Tia vijiko vitatu vya chai vya chumvi. Funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, weka chini dakika kumi na tano. Chumvi ikianguka yote chini na glasi ikabaki safi, mahindi yako chini ya asilimia 15 ya unyevu. Yaanike nyumbani siku moja zaidi na utakuwa salama, kwa kuwa ya kuwekwa yanatakiwa asilimia 13 na nusu au chini.

Chumvi ikiganda kwenye kuta za glasi, mwachie mwenye mali mahindi yake. Kama umeshalipa, yatandaze juu ya turubai, kina kisizidi vidole viwili, yageuze kila saa, yafunike jioni kabla ya umande, siku mbili tatu za jua. Ukipima tena usitumie ile chumvi ya kwanza, imeshanyonya maji na itakudanganya.